Prosesa Iliyochomelewa: Kuing'oa, Kubadili Ubao Mama, au Kuiacha Mahali Pake

Tangu ofisi za Serikali zihamie Dodoma na viwanja vianze kupimwa kila upande, kuanzia Nala hadi Mtumba, kompyuta za kazi nzito zilizotumika zimepata wateja wengi mjini hapa. Wapima ardhi, wasanifu majengo, wahariri wa video za harusi na wanafunzi wa vyuo huzipenda kwa sababu zina umbo imara, kioo kizuri na kadi ya michoro ambayo kompyuta ya kawaida haina. Baada ya mwaka mmoja au miwili mashine huanza kuwa nzito, na mwenye nayo hunijia na ombi moja: nimtolee prosesa iliyomo, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, nimwekee nyingine yenye nguvu zaidi. Jibu langu hutegemea jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama prosesa hiyo imekaa kwenye soketi, yaani kikalio inakoweza kutolewa na kurudishwa, au imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba chipu zote. Natamani swali hilo lingekuwa linaulizwa dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: kung'oa prosesa iliyochomelewa na kupachika nyingine, kubadili prosesa ya soketi, kubadili ubao mama mzima, na kuiacha prosesa ilipo huku ukirekebisha vinavyoizunguka. Nimezipima kwa kile unachopata na kwa kile unachoweza kupoteza, lakini kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni kama unaweza kurudi ulikotoka mambo yakiharibika. Njia tatu kati ya hizo zinakuruhusu kurudi. Moja hairuhusu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayoombwa zaidi.

Utajuaje una prosesa ya aina gani

Kompyuta za mezani za kazi nzito, kama Precision T3600 ya Dell au Z420 ya HP, zina soketi, na hapo hakuna la kubishania. Utata upo kwenye kompyuta mpakato. Kwa upande wa Intel, mpaka ni kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013. Mashine kubwa za kizazi hicho, kama Precision M4800, ThinkPad W540 na ZBook 15 ya kwanza, zilikuwa bado na soketi. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa ambazo Intel ilizitengeneza mahsusi kwa kompyuta mpakato zimekuwa zikichomelewa kiwandani.

Ndani ya kizazi cha nne chenyewe, herufi za mwisho wa jina zinatosha kukuambia: M, MQ na MX ni za soketi, ilhali U, Y, H na HQ zimechomelewa. Katika kizazi cha pili na cha tatu usizitegemee herufi peke yake, kwa sababu prosesa kama i7-3720QM ilitolewa kwa maumbo yote mawili. Programu ya bure iitwayo CPU-Z huonesha aina ya umbo kwenye ukurasa wake wa kwanza. Ukiona humo herufi BGA, prosesa imechomelewa. Ukiona PGA au LGA, iko kwenye soketi. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia dakika mbili za kuifungua programu hiyo mbele yako.

Kung'oa iliyochomelewa

Chini ya prosesa iliyochomelewa hakuna miguu. Kuna vipunje vya lehemu vilivyopangwa safu kwa safu, 1168 kwa prosesa za U za kizazi cha nne, na 1440 kwa zile za H za kizazi cha sita. Ili prosesa itoke salama, vipunje vyote vinapaswa kuwa vimeyeyuka kwa wakati mmoja. Na ili nyingine ikae salama, vyote vinapaswa kuyeyuka tena na kushika kila kimoja mahali pake, bila hata viwili kuungana. Kazi hii haionekani kwa macho, kwa kuwa inafanyika chini ya chipu, na kwenye viwanda hukaguliwa kwa mashine ya eksirei.

Joto lenyewe ndilo tatizo la kwanza. Umoja wa Ulaya ulianza Julai 2006 kutekeleza masharti yaliyoondoa risasi kwenye lehemu za vifaa vingi vya elektroniki, na watengenezaji wakubwa duniani wakafuata. Lehemu ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Hii ya sasa huyeyuka kati ya 217 na 220, na ili vipunje vyote vifike hapo, fundi hulazimika kupandisha joto la kilele hadi 235 au 245. Ubao mama, kwa upande wake, ni matabaka ya kioo kilichofumwa yakashikanishwa kwa gundi, na gundi hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 130 hadi 180 kutegemea aina yake. Kwa hiyo hakuna namna ya kuing'oa prosesa bila kuupitisha ubao kwenye joto linaloulegeza. Ukipashwa upande mmoja kuliko mwingine, unapinda. Ukipinda hata kidogo, vipunje vya pembeni vinaning'inia bila kugusa.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa chuo aliniletea mashine iliyofungwa kwenye kanga ya mama yake. "Shikamoo fundi," aliniambia, "waliniambia itawaka baada ya siku mbili, na leo ni wiki ya tatu." Nilimwitikia, nikamkaribisha kiti, nikaifungua. Taa ya umeme iliwaka, feni ikazunguka kwa sekunde tatu, ikasimama, ikaanza tena. Kwa idhini yake niliitoa prosesa iliyokuwa imepachikwa na kuuweka ubao chini ya kioo cha kukuzia. Safu za vidoa vya shaba, ambavyo vipunje hushikamana navyo, ziling'aa vizuri hadi nilipofika pembe ya kushoto, ambako vidoa vinne havikuwepo. Mahali pake palibaki mashimo ya kahawia yasiyo na kina, na kwenye kimoja kulikuwa na uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, umejikunja juu kama mkia wa ng'e. Soketi ya RAM iliyokuwa jirani ilikuwa imeinama ukingoni, kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko la mkaa. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa na bloa inayotumika kwenye simu, ambayo hupasha eneo dogo kutoka juu, wakati ubao wa kompyuta ya kazi nzito una matabaka mapana ya shaba yanayolinyonya joto hilo na kulisambaza. Lehemu haikuwa imeyeyuka yote alipoinua chipu, na vidoa vikang'oka nayo. Kidoa kilichong'oka hakirudi. Waweza kuvuta waya mwembamba kufidia kimoja au viwili vilivyo pembezoni, lakini vilivyo katikati na vinavyobeba mawimbi ya kasi ya RAM havifidiwi kwa namna ya kutegemewa.

Hata kwa fundi mwenye mashine kamili ya BGA, yaani ya kung'olea na kupachikia chipu zilizochomelewa, yenye hita ya juu na ya chini, yapo mambo yanayotuhusu sisi wa hapa. Chipu nyingi hupatikana Dar es Salaam, na chipu iliyokaa wazi kwenye hewa ya pwani hunyonya unyevu. Ikipashwa ghafla, unyevu huo hugeuka mvuke ndani yake na kuipasua kama bisi. Tiba ni kuioka chipu kwanza kwenye nyuzijoto 125 kwa saa nyingi, hadi siku nzima, na ukimuuliza fundi kama anaioka, sura yake itakujibu kabla ya mdomo. Dodoma yenyewe ina tatizo la upande wa pili, kwa kuwa hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na kati ya Juni na Agosti watu huvaa masweta. Umeme tuli unaohisi ukimgusa mwenzako huwa umefika takriban volti 3000, ilhali chipu inaweza kuharibiwa na kiasi kidogo mno kuliko hicho, bila wewe kuhisi lolote. Isitoshe, mashine ya BGA hula kilowati kadhaa, hivyo UPS ya kawaida ya ofisini haiwezi kuibeba. Umeme ukikatika lehemu ikiwa nusu imeyeyuka, ubao hupoa bila mpangilio, na mara nyingi kazi hurudiwa kutoka mwanzo kwenye ubao uliokwisha kuchoka.

Zaidi ya hayo, prosesa zinazouzwa peke yake za aina hii kwa kawaida ni zile zilizokwisha kung'olewa kwenye mbao nyingine zilizokufa na kuwekewa vipunje vipya. Nawe utaipasha tena, huku ukiwa hujui ilipashwa mara ngapi, na kwa joto gani, kabla ya kukufikia.

Tuchukulie sasa kwamba kazi imefanikiwa. Umepata nini? Hapa ndipo wengi hushangaa, na ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Mashine ndogo za kazi za kizazi cha nne, kama ZBook 14 ya kwanza, ziliuzwa na i5-4300U au i7-4600U. Mteja akisikia "i7" anafikiri ni prosesa ya daraja jingine kabisa. Lakini i5-4300U ina viini 2 vya kufanyia kazi na hufika gigahezi 2.9, na i7-4600U nayo ina viini 2, ikifika gigahezi 3.3. Kumbukumbu ya ndani ya prosesa yenyewe, ambayo si RAM, inaongezeka kutoka megabaiti 3 hadi 4. Ongezeko la kasi, hali ikiwa nzuri kabisa, ni kama asilimia 14, na kwenye mashine yenye hitisinki, yaani chuma cha kuipoza prosesa, iliyojaa vumbi hutaliona kamwe. Kwenye mashine kubwa zaidi za kizazi cha sita, kama Precision 5510, faida ni ya kweli zaidi: i5-6300HQ ina viini 4 visivyogawanya kazi, ilhali i7-6820HQ ina viini 4 vinavyobeba nyuzi 8 za kazi. Anayetoa video ndefu ataihisi tofauti hiyo. Bado, ataihisi juu ya ubao uliopita mara mbili kwenye nyuzijoto 240.

Wala huwezi kuruka kizazi. Mpangilio wa vipunje hubadilika, na hata unapofanana, BIOS ya mashine, yaani programu ya kuiwashia iliyo kwenye ubao, haitaitambua prosesa ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Hili lina uzito mkubwa tangu Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, huanzia kizazi cha nane cha Intel, isipokuwa prosesa chache za kizazi cha saba. Anayetoa i5 ya kizazi cha nne na kuweka i7 ya kizazi hicho hicho amelipa fedha na kubaki upande ule ule wa ukuta.

Kuna na mambo yasiyoonekana hata kwa kioo cha kukuzia. Katika prosesa za U, chipseti, yaani chipu inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine, imo kwenye kifurushi kimoja na prosesa, kwa hiyo ukibadili hii umebadili na ile. Fundi atalazimika kulisafisha upya eneo la chipu ya BIOS linalohifadhi programu ya usimamizi ya Intel, kwa kutumia kifaa cha kuandikia chipu, la sivyo mashine inaweza kuwaka na kujizima kila baada ya nusu saa. Tangu kizazi cha nne pia kuna ulinzi uitwao Boot Guard, ambao humruhusu mtengenezaji kuchoma alama yake ndani ya chipseti. Alama hiyo haifutiki, na chipu iliyotoka kwenye mashine ya kampuni nyingine inaweza kukataa kabisa kuanzisha mashine yako. AMD, mshindani wa Intel, nayo ina ulinzi wake kwenye baadhi ya prosesa za Ryzen Pro na EPYC, ambao huifunga prosesa kwa mtengenezaji mmoja, hata ikiwa ya soketi.

La mwisho kwenye orodha hii ya hatari ndilo linaloniumiza zaidi ninapoliona, kwa sababu halihusu chuma bali kazi ya mtu. Mashine nyingi za ofisini zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski, na funguo zake hukaa kwenye TPM, sehemu ya kutunzia siri za mashine. Kwenye mashine ambazo TPM hiyo imo ndani ya chipseti, kuitoa prosesa ya U ni kuzitoa funguo pamoja nayo. Mashine ikiwaka itakudai ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48. Mpima ardhi asiyekuwa nao amepoteza michoro na vipimo vyote vya msimu mzima, hata kama prosesa mpya imekaa sawasawa na diski haina hata mkwaruzo.

Gharama nayo inafaa ihesabiwe kwa njia iliyo kamili. Tuseme, kwa mfano tu, mashine yako ikiwa nzima ina thamani ya shilingi 600,000, prosesa ni 120,000 na fundi anatoza 150,000. Ukiamini kwamba fundi huyo hufaulu mara nne katika tano, basi hatari ya kuipoteza mashine ina bei ya moja ya tano ya 600,000, yaani 120,000. Gharama halisi si 270,000 uliyoambiwa, ni 390,000. Weka namba zako mwenyewe, kisha ulinganishe na ile asilimia 14.

Ya soketi, ikiwekwa kando yake

Chukua M4800 yenye i5-4300M. Hiyo ni prosesa ya viini 2 na wati 37. Unaizungusha skrubu ya soketi nusu duara kwa bisibisi bapa, unaiinua kwa vidole, unaweka i7-4810MQ yenye viini 4, nyuzi 8 za kazi na wati 47, unarudisha skrubu. Hakuna joto, hakuna lehemu, na BIOS ikikataa, unairudisha ya zamani na mashine inafanya kazi kama jana. Faida ni kubwa kuliko ile ya U, na hatari ni ndogo kiasi kwamba kuzilinganisha mbili hizi chini ya jina moja la "kubadili prosesa" ni kuwapotosha watu.

Si kwamba haina masharti. Wati 47 zinahitaji hitisinki inayoweza kuzibeba. Baadhi ya mashine ziliuzwa na hitisinki nyembamba kwa ajili ya prosesa za viini 2, na chaja nayo inaweza kuwa ndogo. Kwenye kompyuta za mezani za LGA, sindano ziko kwenye soketi, na kidole kimoja kisicho na uangalifu huzipinda.

Kwa wenye Z420, ambazo naziona sana kwenye ofisi za michoro, kuna jambo moja la kukagua kabla ya kununua chochote. Mashine hizo zilitoka na sehemu ya mwanzo ya BIOS ya tarehe za aina mbili, moja ya mwaka 2011 na nyingine ya 2013, na tarehe hiyo husomwa ndani ya BIOS kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo. Ya 2013 ndiyo inayokubali prosesa za Xeon E5 za toleo la pili, kama E5-1650 v2 yenye viini 6. Ya 2011 haizikubali, na kusasisha BIOS kwa njia ya kawaida hakubadilishi sehemu hiyo. Mwenye ya 2011 atafute Xeon za toleo la kwanza, ambazo nazo zipo za viini 6 na 8, wala hatajuta.

Kubadili ubao mama mzima

Kama prosesa iliyochomelewa imekufa kweli, au kama unaihitaji ile i7-6820HQ kwa kazi inayokulipa, njia hii ndiyo ya kwanza ninayoipendekeza. Unanunua ubao wa modeli ile ile ukiwa tayari na prosesa unayoitaka, iliyochomelewa kiwandani kwa joto lililodhibitiwa, na unaufunga kwa bisibisi. Ubao wako wa zamani unabaki mzima mezani. Usipopatana na mpya, unarudisha wa zamani. Bei yake huwa juu kuliko prosesa peke yake, lakini ukiijumlisha ile bei ya hatari niliyoitaja, mara nyingi inakuwa sawa au chini.

Uangalizi unaohitajika hapa ni wa mnunuzi. Ubao uliotumika ukague kwa tochi kuzunguka kingo za prosesa na za chipu ya michoro: mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemu, yenye rangi ya asali, au gundi nyeusi ya pembeni iliyokatwa, ni dalili kwamba mtu amekwisha kuupasha. Thibitisha kwamba namba ya ubao inalingana na ya mashine yako, maana modeli moja hutoka na mbao zenye kadi tofauti za michoro na matundu tofauti ya skrubu za hitisinki. Leseni ya Windows imefungamana na ubao, hivyo inaweza kudai kuhakikiwa upya, na BitLocker itaomba ufunguo wake hapa pia. Uliza vilevile kama BIOS ina nywila ya ofisi iliyoumiliki mwanzo. Ubao wenye nywila isiyojulikana usiununue hata kwa bei ya kutupa.

Kuiacha ilipo

Wengi wanaoomba prosesa mpya hawana tatizo la prosesa. Naisema hivyo baada ya kufungua mashine nyingi za mji huu. Vumbi letu jekundu, hasa kwa wanaofanya kazi maeneo yanayojengwa kama Nzuguni, Ihumwa na Iyumbu, huingia kwenye feni na kujipanga kwenye mapezi ya hitisinki hadi likawa kama kipande cha blanketi. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato za kizazi cha nne zina kikomo cha nyuzijoto 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mwenye mashine anaona uzito, anadhani ni uzee. Mashine moja ya mchora ramani wa Kisasa ilikuwa inafika 97 kwa kufungua mchoro mmoja tu. Nilitoa tabaka la vumbi lililotoka zima kama sufi, nikaifuta pesti ya zamani ya kupitishia joto, iliyokauka na kuwa unga, nikapaka mpya, na mchoro ule ule ukaishia 78. Mwenyewe, mama mtu mzima anayejua kazi yake, aliniuliza kama nimembadilishia prosesa bila kumwambia.

Baada ya vumbi, angalia diski. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA, isiyo na kitu kinachozunguka, hufika karibu 500, na tofauti kubwa zaidi ni katika kuokota mafaili madogo madogo yaliyotawanyika. Halafu angalia RAM: anayeunganisha picha za droni kwa ajili ya ramani akiwa na gigabaiti 8, mashine yake inahangaika kwa kukosa nafasi, na kumwongezea hadi 32, pale ubao unaporuhusu, kutamfaa kuliko prosesa yoyote inayoingia kwenye ubao huo. Anayetumia AutoCAD ajue kwamba sehemu kubwa ya programu hiyo hutegemea kiini kimoja, kwa hiyo kumwongezea viini kutoka 4 hadi 6 hakutamfungulia mchoro haraka zaidi ya kidogo sana. Kila kimoja cha vitu hivi kinatolewa kwa bisibisi na kinaweza kuhamia kwenye mashine utakayonunua baadaye, ikiwa ni ya umbo linalolingana.

Uchague ipi

Mwenye prosesa ya U iliyochomelewa na inayofanya kazi asiiguse. Asafishe vumbi, aweke SSD, ajaze RAM, na fedha inayobaki aitunze kwa ajili ya mashine ya kizazi cha nane au zaidi. Mwenye ya H au HQ anayefanya video au picha za droni kwa malipo alinganishe bei ya ubao mama wenye prosesa kubwa na bei ya kuuza mashine nzima na kununua nyingine. Kwenye mizania hiyo, kung'oa chipu hakumo. Mwenye mashine ya soketi abadili bila hofu, akiwa amesoma kwanza orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji amezikubali.

Nimebakiza hali moja tu ambayo naona kuing'oa ni sawa: prosesa imekufa, ubao wa kubadilishia haupatikani, mashine ikiharibika kabisa hutapoteza kitu, na fundi ana mashine ya BGA yenye hita ya chini. Hapo hata mimi ningejaribu, kwa kuwa hakuna tena mahali pa kurudi pa kupoteza.

Yule kijana mwenye kanga alikuwa na bahati ya upande mmoja: diski yake ilikuwa ya kutoa, na ufunguo wa BitLocker ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Tulisubiri ubao mwingine kwa siku kumi, ukaja na treni kutoka Dar es Salaam, nikaufunga mchana mmoja. Kabla hujampa fundi yeyote mashine yako, kwa kazi yoyote kati ya hizi, ingia kwenye akaunti hiyo, utafute tarakimu zako 48, uziandike kwenye karatasi, na karatasi ibaki nyumbani.